Taa za Siok-khim na Milango ya Shemeji

Siok-khim, fundi wa feni na majiko ya wali pale mtaa wa hekalu, alikuwa mtu wa kinyaa. Kombamwiko ndani ya jiko la wali la mteja alimtoa kwa vidole, hana neno. Ila kazi mbovu! Akiona waya uliofungwa kwa plasta ya kidonda, chakula hakipiti kooni siku nzima.

Sasa Mungu akampa shemeji. Liong-bun, mume wa mdogo wake, ndiye aliyefunga milango yote ya chuma ya kujikunja ya mtaa ule, ile ya kufungua kwa rimoti. Mdomo mwekundu kwa kutafuna popoo, anatema kwenye kikombe cha karatasi, halafu anakuachia kikombe mezani, karibu na chai yako.

Kila mwaka, Mama wa Bahari, mungu wa hekalu lile, akibebwa kitini kutembezwa mjini, taa za kiti chake alizifunga Liong-bun. Waya unaburutwa nyuma, mtu anaukimbilia na swichi kama anaswaga bata. Mwaka huu Siok-khim alisema basi. Mwezi mzima alilehemu vitaa mia mbili na arobaini, akaweka betri ya pikipiki, akachukua rimoti ya mlango uliotupwa pamoja na kipokezi chake. Kitufe cha juu, mawimbi ya buluu yanapanda kitini. Cha chini, zinazima. Waya hakuna.

Mzee Tsua, mkubwa wa kamati ya hekalu, akasema, "Binti, zikikubali leo zinatoka kesho. Zikigoma, Liong-bun analeta zake."

"Zake zile za kuuzia soseji?" akauliza Siok-khim.

"Mwanamke na umeme," Liong-bun akacheka, meno mekundu yote nje. "Shemeji, kachemshe uji."

Mchana ule mtaa ulikuwa umelala, milango chini. Kamati imesimama barabarani. Siok-khim akabonyeza juu.

Mawimbi yakapanda, mazuri mpaka Mzee Tsua akafungua mdomo. Na milango nayo ikapanda! Krrrr, kulia, kushoto, mtaa mzima. Muuza tofu yumo ndani na chupi, anajichuna ngozi ya kisigino juu ya ubao uleule anaokatia tofu. Jirani yake ameanika soksi juu ya sufuria ya supu.

"Kumbe ndiyo tofu ninayokula!" mtu akapiga kelele.

"Funga, mama! Funga!" analia muuza tofu.

Akabonyeza chini. Milango ikashuka, na kiti cha Mama wa Bahari kikawa giza.

"Nilisema!" Liong-bun akapiga makofi ya furaha. "Imeharibika. Nakwenda kuleta zangu."

Siok-khim alifungua rimoti yake, akatazama vile vidoto vinane vya namba, ambavyo fundi huunganisha kwa lehemu ili kila mlango uwe na namba yake. Vyake aliviacha vitupu makusudi. Alijua fundi mwenye akili timamu haachi mlango wa nyumba ya mtu bila namba, kwa hiyo taa zake zingekuwa peke yake.

"Nipe rimoti ya nyumbani kwako," akamwambia shemeji.

"Ya nini?"

"Mpe," akasema Mzee Tsua.

Akaifungua. Vidoto vinane, vitupu, vimejaa vumbi.

"Mtaa mzima umeuacha hivi? Miaka minane watu wanalala milango wazi?"

"Sasa, shemeji, nani angejua?"

"Hata kufuli ya baiskeli ina namba, wewe! Hata baiskeli!"

Akawasha kichomeleo palepale kwenye ngazi za hekalu. Matone mawili kwenye rimoti, mawili kwenye kipokezi. Hata chai haikupoa. Akabonyeza: mawimbi yakapanda, milango kimya.

"Zikazeni vizuri kitini," Mzee Tsua akaamuru. "Kesho zinatoka hizi."

Watu wakamzunguka: dada njoo kwangu, shangazi anza na kwangu. "Mwiteni aliyewafungia," akasema. "Mimi sigusi uchafu wake."

Liong-bun akapenya katikati, akafuta mdomo kwa kiganja, akanyoosha kiganja hichohicho. "Basi kesho rimoti nishike mimi, shemeji. Tuko familia."

Siok-khim akakitazama kiganja.

"Kanawe," akasema. "Halafu usirudi."