Annonciata Achagua Ziwa

Annonciata ametunza wazee katika nyumba moja ya Thornton Heath, kusini mwa London, tangu binti yake Chancelle akiwa chekechea. Huwaogesha, huwalisha, huwaimbia nyimbo za kanisa kwa Kiswahili cha Uvira alikozaliwa, nao huitikia bila kujua maneno. Likizo zake alikuwa akizimalizia nyumbani, akifua mapazia.

Mwaka jana Chancelle, akiwa chuo kikuu, alipata kazi ya kiangazi Amerika, kufundisha watoto kuogelea kwenye kambi ya likizo huko Pennsylvania. Kazi ilipokaribia kwisha alipiga simu.

"Mama, viza yangu inaniruhusu kutembea mwezi mzima baada ya kazi. Nitakukatia tiketi. Omba likizo uje."

"Tutembee wapi?"

"Chagua wewe."

Aliyasema hayo kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa London, ila neno la mwisho alilitia kwa Kiswahili: "Popote."

Annonciata alikaa kitandani akicheka peke yake. Tangu atoke Kongo, safari zake zote zilikuwa zimeamuliwa na vita au na ofisi za wakimbizi. Hakuna aliyewahi kumwuliza anataka kwenda wapi.

Kazini kila mtu alikuwa na jibu lake. Deepa, nesi wa zamu aliyezaliwa Kisumu na kukulia Queensbury, huko huko London, alimwambia, "Nenda California, Mama Chancelle. Kaka yangu yuko kule, atawapokea. Machungwa mtachuma uani kwake."

Jumapili, baada ya ibada, rafiki yake Stéphanie aliikataa California katakata. "New York. Watu watakuuliza maghorofa, wewe uwaonyeshe machungwa?"

Siku iliyofuata, wakati wa chai, Annonciata alifungua ramani kwenye simu. Upande wa kaskazini akaona madoa makubwa ya buluu. Akamsogezea Deepa.

"Hii ni bahari?"

"Maziwa hayo."

"Yana chumvi?"

"Hayana."

Annonciata akamaliza chai yake taratibu. "Basi nakwenda huko," akasema.

Chancelle alipewa habari kwa simu. Moyoni alikuwa akitamani New Orleans, asikie muziki. "Ziwa, Mama? Kiangazi kizima nimeshinda ziwani."

"Ulisema popote."

"Nilisema," Chancelle akakubali, akaanza kucheka.

Walikutana Chicago, wakapanda treni hadi mji mdogo kando ya Ziwa Michigan. Asubuhi ya kwanza ufukweni, Chancelle alitandika taulo mchangani na kusema kwa sauti yake ya ualimu, "Maji yasipite magoti, Mama. Nipo hapa."

Annonciata alifungua kitenge, akamkabidhi. Ndani alikuwa na vazi la kuogelea alilolinunua Croydon bila kumwambia mtu. Aliingia hadi kiunoni, akajilaza juu ya maji, akaondoka. Mikono yake ilikwenda polepole, kichwa kimeinuka, kama mtu anayevuka kwenda kumsalimia jirani.

Chancelle aliita, mama akampungia mkono bila kugeuka. Akaacha kitenge mchangani, akamfuata, akamfikia akihema.

"Nani alikufundisha?"

"Mjomba wako Gires. Kila siku tukitoka shule tulikuwa ndani ya Ziwa Tanganyika, mpaka vita ilipokuja."

"Na miaka yote ile ulikaa kwenye benchi la bwawa ukinishikia taulo?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilidhani mwili umeshasahau."

Chancelle alifungua mdomo ajibu, akameza maji. Wakacheka wote wawili mpaka ikabidi walale chali waelee, wapate pumzi.

Walipotoka walimpigia kwa video Gires, ambaye sasa anafundisha shule Bujumbura. Alimwona dada yake, nywele zikimchuruzika maji. "Bado unapiga maji kama bata?" akauliza, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.

Walikuwa wamepanga kulala siku mbili pale, halafu New York. Jioni ya pili Annonciata alianza kukunja nguo.

"Ziache," Chancelle akasema. "Nataka kwanza nikuone ukifika kwenye lile boya linaloelea kule mbali."

Wakakaa wiki nzima, New York wakaiacha. Chancelle akawa anauliza maneno ya Kiswahili: kupiga mbizi, kina, wimbi, mkondo. Aliyatamka vibaya, akarudia mpaka yakamkaa. Boya walilifikia siku ya nne, Chancelle nyuma.

Annonciata aliporudi London, Stéphanie alitaka kuona maghorofa. Annonciata akampa simu. Picha zote zilikuwa maji, na yeye katikati, kichwa tu kinaonekana, anacheka.

Stéphanie alizitazama zote hadi mwisho. "Nifundishe," akasema.

Siku hizi kila Jumamosi wako bwawani Thornton Heath. Stéphanie bado anashika ukingo kwa mikono miwili na kusali kwa sauti kabla ya kuuachia. Deepa ameahidi kuja, akishapata vazi linalofunika magoti.