Jogoo wa Shingo Tupu

Nikisikia harufu ya manyoya ya kuku yaliyochovywa maji ya moto, namwona baba yangu uani kwetu Njinjo, kisu mkononi, na majogoo wawili wamefungwa miguu mbele yake.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyofuata ilikuwa imemaliza mifugo. Kuku wetu wachache ndio kwanza walikuwa wameanza kutaga. Siku hiyo akida aliyewekwa na Wajerumani alikuwa anakuja kula kwetu, na ilibidi jogoo mmoja achinjwe. Baba alikuwa ameshachagua. Kuchi, jogoo mrefu aliyemnunua Kilwa, mwenye upanga mwekundu kichwani na kucha za kutisha visiginoni, angebaki. Angechinjwa kishingo, yule mdogo asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa akifukuzwa kutwa.

"Baba, usimchinje huyo," nilisema. "Ndiye anayetuzalishia kuku."

"Somoe, jogoo anayekimbia hivyo anazaa saa ngapi?"

Mimi ndiye niliyelinda mtama ulioanikwa, kwa hiyo nilijua. Kuchi akiwika na kutanua mbawa, kishingo hujipenyeza nyuma ya ghala, matetea wakamfuata wenyewe, na kazi yake huimaliza kufumba na kufumbua. Kuchi akimkamata tetea kwa nguvu, tetea hujikung'uta, na mara nyingi niliona kitone cha mbegu ya jogoo kikidondoka mchangani. Nilipoeleza hivyo, mama, aliyekuwa akitwanga, alicheka mpaka mchi ukamponyoka.

"Kuna mayai yanaanguliwa jikoni," akasema. "Twende tukaone."

Akamwinua kuku aliyeatamia. Vifaranga walikuwa bado wamelowa, na wengi wao shingo tupu. Nasi hatukuwa na tetea hata mmoja wa shingo tupu. Baba akawatazama, akanitazama mimi, kisha akaenda kumfungua kishingo kamba.

Akida alimtafuna kuchi mpaka taya zikamchoka. Nami nilimnawisha mikono nikijiona malkia.

Nimefuga kuku maisha yangu yote, na taratibu nikaelewa nilichokiona. Kugombea matetea ndiko kulikompa kuchi kimo na kucha zile, kizazi hadi kizazi, maana walioshindwa kupigana hawakuacha watoto. Kugombea huko huko kukampa kishingo wepesi wake. Na matetea nao miili yao ikajifunza kukataa mbegu ya jogoo wasiyemtaka. Siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba baba alikuwa ameshika kisu, nikasema, naye akanisikia.