Mume Wangu Hataki Kuitoa Pikapu Kwenye Oto, na Mwisho wa Mwezi Anampakia Mama Yangu

Mhariri, jina langu libaki mezani kwako, maana mume wangu anafahamika Geita nzima na ukurasa huu unasomwa mpaka machimboni. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Msukuma, naishi Ngokolo hapa Shinyanga, nina mapacha na mdogo wao. Mume wangu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Si mlevi, hanipigi, watoto wanakula na kushiba. Ndiyo maana nikilia majirani wananiona nimerukwa na akili.

Mwaka jana alinunua pikapu iliyotoka Uarabuni, injini ya silinda nane, akikanyaga mafuta shingo inarudi nyuma. Karibu na usukani kuna swichi ya kuzungusha. Ukiiweka kwenye Oto, gari linakwenda kwa tairi za nyuma, na zikianza kuteleza lenyewe linaziita za mbele kusaidia. Fundi wa Mwanza alimweleza nikiwa nimesimama pale pale: "Mzee, Oto ni ya barabara ya vumbi, au lami yenye mvua. Ukikuta tope zito, funga fowili kabla hujaingia, tairi zote nne zivute pamoja. Ukiingoja Oto itachelewa, na kwa nguvu ya injini hii itakurusha." Mume wangu, Baba Kulwa, akaitikia kwa kichwa. Kumbe alichosikia ni kimoja tu, kwamba gari linajichagulia lenyewe. Ikawa ndiyo wimbo wake. Kila broka wa dhahabu aliyepanda aliambiwa, "Hili lina akili kuliko dereva."

Masika haya mama yangu akaugua tumbo kijijini kwetu, ng'ambo ya Ushirombo. Tukamfuata tumpeleke hospitali. Sasa nyie wa kwingine mtashangaa, lakini kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawagusani, hata kutazamana usoni ni aibu. Mama asingekubali kukaa mbele na mkwewe hata mngemshikia panga. Tukamtandikia godoro nyuma kwenye bodi, na kwa kuwa godoro lilizidi, mlango wa nyuma ukaachwa wazi. Nikapanda huko huko nimshike.

Kabla ya kuingia mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaonasa mpaka ng'ombe, niligonga kioo nikapiga kelele, "Baba Kulwa, funga fowili!" Akatoa kichwa dirishani anacheka. "Tulia, Mama Kulwa. Liache lichague lenyewe."

Jamani! Tairi za nyuma zikazunguka bure, gari likaanza kwenda ubavu, na yeye akazidi kukanyaga mafuta. Halafu za mbele zikashika ghafla. Lile gari liliruka kama ndama aliyekatiwa kamba. Mimi nilibaki na kanga ya mama mkononi. Mwenyewe alikuwa chini kwenye tope, analia "Mayu! Mayu!", mtu mzima yule anamwita mama yake aliyekufa zamani.

Mume wangu alisimamisha gari pakavu, akaja mbio, halafu akakwama njiani. Akageuza uso kutazama majaruba ya mpunga, akauliza, "Yu hai?" Nikamwambia njoo tumbebe. "Mama Kulwa, nitamshikaje mkwe wangu?" Alikuwa analia kweli, mikono kichwani, hawezi kuja wala hawezi kuondoka. Nilimvuta mama peke yangu mpaka wakaja wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga.

Tumbo lilitibiwa likapona. Kilichovunjika ni nyonga. Daktari amesema apelekwe Mwanza akapasuliwe mwisho wa mwezi, la sivyo hatasimama tena. Kwangu hawezi kulala kwa sababu ni nyumba ya mkwewe, basi yuko kwa kaka yangu kule kule kijijini, alikorudishwa kwa gari la kukodi kabla mvua hazijazidi. Basi la abiria halimfai mtu wa kulala, na kila mwenye gari tuliyemwendea amekataa kuvuka ile mbuga kwa mvua hizi. Imebaki pikapu yetu.

Mume wangu hajakataa kumpeleka. Siku mbili nzima hakula kwa ajili ya mama yangu, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwomba kwa magoti, safari hii funga fowili, nenda taratibu. Akaniuliza, "Siku ile tulikwama?" Nikasema hatukukwama. "Basi Oto ilifanya kazi yake. Wewe ndiye uliyemwachia." Nilipozidi kulia akashusha sauti. "Nikiizungusha hiyo swichi leo, Mama Kulwa, nitakuwa nimekiri kwamba mimi ndiye niliyemvunja mkwe wangu. Nitapita wapi ukweni?" Usukani hampi mtu. Kaka yangu naye ameapa hakanyagi gari la mtu asiyejua kuomba radhi, kwa hiyo wa kukaa nyuma na mama ni mimi tu. Nikikaa mbele nizungushe hiyo swichi, mama atashikwa na nani?

Juzi nilikwenda kumwona nikamweleza yote, nikidhani atakataa safari. Akanishika mkono, akaniita mtoto wake kwa Kisukuma. "Ng'wanawane, mwambie mkwe wangu sina kinyongo naye. Aje anichukue, nataka kutembea." Kisha akavuta shuka mpaka kidevuni, kama mtu anayeona haya. "Ila wewe, mwanangu, safari hii unifunge kamba."

Wasomaji wenzangu, na hasa nyie mlioolewa kwetu Usukumani, nimeishiwa. Nikimzuia asiende, ndiyo basi tena, atalala hivyo mpaka kufa. Nikimpakia, ile swichi iko palepale ilipokuwa. Kamba nimeshainunua, iko chini ya kitanda changu, na kila nikiigusa naisukuma ndani zaidi. Hebu niambieni, nyie mngemfunga mama yenu?