Waya Usiolegea Juu ya Mizabibu

Mama yangu mkubwa alikuwa amegoma kupogoa. Majirani zake wote hapa Makutupora walishamaliza, lakini mizabibu yake ilisimama hivyo hivyo, kama kichwa kisichochanwa. Ukipogoa, umeanza msimu, naye hakutaka kuanza msimu ambao ungekatishwa na katapila. Waliokagua njia ya umeme walisema nyaya za msongo mkubwa zinazopita juu ya shamba lake hushuka mno wakati wa joto. Huenda ungehitajika mnara mwingine katikati, palepale penye mistari inayozaa vizuri.

Nilikuwepo injinia wao aliporudi, dada mmoja mwenye kofia ya njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na jembe?"

"Nimekuja na waya."

Akatoa mkobani vipande viwili vifupi. Cha kwanza kilikuwa cha aina iliyopo juu yetu: nyuzi za alumini zilizosokotwa kuzunguka nyuzi za chuma. Alumini hupitisha umeme, akaeleza, na chuma hubeba uzito. Umeme ukiwa mwingi na jua likiwaka, waya hurefuka, kisha hushuka. Katika kipande cha pili, alumini ilizunguka kijiti cheusi cha nyuzi za kaboni, ambacho hata kikipata moto hurefuka kidogo tu.

Mama mkubwa alikikwaruza kwa ukucha. "Hiki cheusi kama mkaa ndicho kinachobeba?"

"Ndicho."

"Waya zinazoshikilia mizabibu yangu nazikaza kila msimu. Huu wa juu nani atapanda kuukaza?"

"Hautalegea hivyo, mama. Ndiyo maana tumeuchagua."

"Na mnara?"

"Hakuna mnara mpya. Minara iliyopo inatosha. Tunaomba njia tu siku ya kuvuta waya."

Mama mkubwa akautazama mstari wa kati mpaka mwisho wake.

"Mtapita ukingoni. Ukikanyaga mzabibu wangu, utauotesha mwenyewe, na kofia yako hiyo hiyo."

Injinia alicheka, akaahidi. Gari lake lilikuwa halijafika barabarani mama mkubwa alipotoka ndani na mikasi miwili ya kupogolea.

"Na wewe wa mjini, utashangaa mpaka lini? Shika."

Tulianzia chini ya nyaya, kwenye mstari ambao alikuwa ameshauaga.