Vidato Kumi na Vinne vya Nasoro

Muulize mtu yeyote wa mji wa Baraka aliyeiona miaka ile, atakwambia: Waridi, yule mama wa kukausha ndagala, dagaa wa ziwani, haogopi kitu. Alivuka kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, ndani ya mtumbwi unaovuja, mkono mmoja unakumba maji, mkono mwingine umeshika mtoto wa watu. Kiboko alipoingia shamba lake la muhogo alimfukuza kwa mwiko. Kwa mwiko, jamani!

Basi mwaka 1956 mdogo wake Nasoro, muuza chumvi na vitambaa, akajenga nyumba ya etaji, yaani ya ghorofa. Chini matofali ya kuchoma, juu mbao, na ndani ngazi ya vidato kumi na vinne, kazi ya fundi Casimir aliyeteremka kutoka Fizi. Watu walitoka mpaka Swima kuja kuitazama tu. Waridi naye akaja, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akainua macho, akaona kati ya kidato na kidato pako wazi, hewa tupu! Moyo ukampiga pa! Akaurudisha mguu.

"Dada, panda basi, uone ziwa kwa dirisha," Nasoro akamwambia.

"Magoti," Waridi akajibu. "Magoti yangu iko na baridi."

Magoti! Uongo mtupu. Magoti yale yalichuchumaa juu ya ndagala tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kunung'unika. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni, na kwa miezi sita mama wa watu alikula chini, akazungumza chini, na kila aliyemkaribisha juu aliambiwa habari za magoti.

Aliyempa faraja ni paka wake, Tumbaku, aliyemfuata kwa Nasoro kila siku. Lo, paka yule! Siku ya kwanza alisikia harufu ya samaki juu, akapanda mbio, fyuu! Kula akala. Kugeuka ashuke, akaliona shimo. Akanyoosha mguu wa mbele, akaurudisha. Akanyoosha mwingine, akaurudisha. Akalia kama mtoto aliyeachishwa maziwa, mpaka Kulthumu, binti wa Nasoro, akambeba.

Siku ya pili akajitosa kichwa mbele. Matako yakakipita kichwa, akabiringika vidato vitano, akatua ndani ya beseni la unga wa muhogo. Akatoka mweupe pe, akakaa kujilamba taratibu, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu asubuhi. Waridi alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata we! Hata we mwenye makucha!"

Tumbaku hakukata tamaa. Baada ya majuma mawili akavumbua njia yake: alipofika juu aligeuka, akatanguliza matako, akapapasa kwa mguu wa nyuma mpaka akakipata kidato, akashusha mwili, akapapasa tena. Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Siku ile Waridi hakucheka. Alitazama kila mguu unapowekwa.

Ikaja harusi ya Kulthumu. Sasa sikiliza vizuri. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na Waridi, shangazi mtu, ndiye aliyemlea. Na kwao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mtu amshike mkono, amtoe chumbani, amkabidhi kwa wakwe. Huyo aliyemtoa ndiye atakayekimbiliwa siku ndoa ikileta machozi. Hakuna mwingine atakayesikilizwa. Waridi aliungoja mkono ule miaka kumi na minane. Na Nasoro, kwa majivuno yake, alimweka bibi harusi wapi? Juu!

Alasiri ngoma zinalia, wakwe wa Ubwari wameketi, bwana harusi Useni anatoka jasho. Hapo akasimama Sikitu, mama mdogo wa Kulthumu, aliyezoea ngazi za Uvira, miguuni viatu vya kisigino.

"Wifi, we pumzika na magoti yako," akasema kwa sauti ya asali. "Mi nitamutoa mutoto."

Waridi akasimama wima kwa hasira. Mtoto wake! Akajifunga kanga kiunoni kwa fundo la kazi.

"Keti, Sikitu. Bismillahi!"

Akapanda kwa mikono na miguu, macho ameyafumba, kila kidato anakitaja kwa sauti. "Saba! Nane!" Watoto wakaanza kuhesabu pamoja naye. Kwenye cha kumi na nne vigelegele vikapasua nyumba! Waridi akaingia chumbani akihema, akamshika Kulthumu mkono, wakatoka. Akatazama chini.

Mama yangu! Ngazi ilikuwa shimo la kisima, na ndani yake nyuso mia zimeinuka. Miguu ikakataa. Sikitu akanyanyuka nusu kutoka kwenye mkeka.

Liwalo na liwe! Waridi akageuka, akawaelekezea wakwe wote matako.

"Aibu!" Sikitu akapiga kelele. "Mbele ya wakwe!"

Waridi hakusikia. Alikuwa anapapasa kwa mguu. Akakipata kidato, akashuka. Akapapasa, akashuka. Mikono yake imeshika mikono yote miwili ya Kulthumu, anayeshuka kumwelekea, na kwa hiyo yeye peke yake katika harusi nzima aliona machozi chini ya ushungi.

"Shangazi, minaogopa," Kulthumu akanong'ona. "Ubwari iko mbali."

"Na mi minaogopa hii ngazi. Tangu siku ya kwanza. Magoti haina kitu, mwanangu, nilidanganya."

"Shangazi!" Ushungi ukatikisika kwa kicheko.

"Shusha mguu. Kidato kimoja kimoja. Mi niko hapa."

Wakashuka hivyo, mmoja analia na kucheka, mwingine anatetemeka, na watu wakasimama wakishangilia, Useni naye akasahau heshima ya bwana harusi akapiga makofi. Mguu wa Waridi ukatafuta kidato kingine, ukakuta sakafu. Mama mkwe akaja, akanyoosha mikono yake kupokea. Waridi hakuachia.

"Shangazi," Kulthumu akasema polepole, "ngazi imeisha. Tumefika chini."

"Najua," Waridi akajibu. "Ngoja kidogo."