Siku Niliyomkataza Okiror Kwenda Jimu

Naikumbuka alasiri moja, mwanangu, ya miaka ile ya tisini, tulipokuwa tumekwisha kuvua sare za magereza na hatujajua bado la kufanya na miili yetu. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu Bugembe, nje kidogo ya Jinja, miguu nimeiweka juu ya stuli kwa sababu ilikuwa imevimba, natazama teksi za Iganga zikisimama na kuondoka. Akaja Okiror kwa miguu kutoka stendi, jasho limemlowesha shati lote mgongoni. Kabla hajaketi akanipa karatasi mbili. Moja ilikuwa ya hospitali. Ya pili ilikuwa tangazo la jimu.

Umeniambia kwamba una miaka arobaini na mitatu na unaona haya kuanza mazoezi mbele za watu. Basi kaa nikueleze habari za Okiror, maana sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho.

Okiror alikuwa Mteso, mtu wa mji wa Kumi, Mkristo asiyekosa kanisa. Mimi, kama ujuavyo, ni Mnubi, Mwislamu. Babu yangu aliletwa nchi hii na bunduki begani, na kwao hakurudi. Tulikutana Mbale tukiwa askari magereza. Mimi nilikuwa mkufunzi wa kwata na mazoezi, yeye alikuwa mmoja wa niliowafunza. Kila alfajiri nilikuwa nawakimbiza mpaka chini ya mlima Wanale na kuwarudisha, na kila alfajiri Okiror ndiye aliyebaki nyuma. Hakuwa mvivu. Mungu alimpa mwili mkubwa, basi. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka, naye hakunijibu hata mara moja.

Alikuwa mtu wa kutii, na ninaposema kutii, sisemi kwa mzaha. Siku moja alichelewa kwenye paredi, nikamwamuru asimame uwanjani juani mpaka nirudi. Nikaitwa ofisini, kazi ikanishika, nikamsahau. Nilipopita pale jioni nilimkuta amesimama palepale, midomo imempasuka kwa kiu. Wenzake walikuwa wamemwambia aondoke. Aliwajibu kwamba afande hajarudi. Mimi nikalicheka jambo lile, tena nikalisimulia kwa miaka mingi kama hadithi ya kuchekesha.

Baadaye tulihamishiwa Jinja sote wawili, kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, tukatolewa siku moja. Hata baada ya hapo Okiror hakuacha kuniita afande. Nilipenda. Nikwambie kweli, nilipenda sana, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu mwingine wa kuniita hivyo. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuketi. Tumbo lilikuwa limeshuka, mshipi naufunga chini yake, na nikiinama kuvaa viatu lazima nipumzike kati ya kiatu na kiatu.

Sasa kuna jambo ambalo Okiror hakulijua alasiri ile. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimekwenda mwenyewe mpaka kwenye jimu hiyohiyo. Ilikuwa Jinja mjini, katika ghala la zamani la Wahindi, si mbali na soko. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaingia, nitaandikisha jina, nitaanza polepole. Nikafika mlangoni. Ndani vyuma vilikuwa vinagongana, vijana wanahema na kuhesabu kwa sauti, na ukuta mzima ulikuwa kioo. Katika kioo kile nikamwona mzee mmoja mnene, mdomo wazi, ameshika kizingiti. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Kijana mwenye jimu akaja akaniuliza kwa adabu, mzee, nikusaidie? Nikamwambia nimepotea njia.

Kwa hiyo Okiror aliponiwekea karatasi ile mapajani, nilikuwa naijua kabla sijaisoma.

Alizungumza taratibu, kama mtu aliyejifunza maneno yake njiani. Alisema daktari amemkuta na presha, na sukari pia, na amemwonya kwamba kuketi kutamuua. Alikwisha kupita kwenye jimu akauliza, akaambiwa hata watu wa umri wetu wanapokelewa, kuna mtu wa kuwaangalia.

"Lakini mimi peke yangu naona haya, afande," akasema. "Tukienda wawili, wewe mbele kama zamani, mimi nitaweza."

Hapo, mwanangu, ningeweza kumwambia kwamba na mimi naona haya. Maneno mawili matatu tu. Angecheka, ningecheka, pengine kesho yake tungekwenda tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Badala yake nilivaa sauti yangu ya uwanjani.

"Okiror, wewe na mimi tuvae kaptula turukeruke mbele ya watoto? Watu watasema wazee wa magereza wamerukwa na akili. Mazoezi tulimaliza Mbale. Kunywa dawa zako, kaa nyumbani, uheshimike."

Akaitazama karatasi. "Kwa hiyo nisiende?"

"Usiende."

"Sawa, afande."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Tukanywa chai. Tukaongea habari za shamba lake la ulezi kule Kumi, na mvua iliyochelewa, kisha akaondoka kwa miguu kama alivyokuja. Nilimtazama mpaka akaingia kwenye teksi. Nilijua kabisa kwamba hakuja kuniomba ushauri. Mtu yule alikuja kuomba ruhusa, na mimi nilimnyima, kisha nikajisikia vizuri jioni nzima, kwa sababu sasa kukaa kwangu barazani kulikuwa na sababu yenye heshima.

Haikupita hata miezi sita. Asubuhi moja alikuwa ananawa uso uani kwake, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi nao ukafungika. Mkewe, Asio, alikaa naye hospitalini mpaka wakaambiwa warudi nyumbani, na kwa kuwa Jinja hakuwa na ndugu, akamchukua kwenda Mbale kwa dada yake, mtaa wa Namatala, mahali alipoweza kupata kibarua cha kupepeta mchele kwenye mashine za kukoboa.

Habari zilinifikia mapema. Sikwenda. Wiki ya kwanza nilisema nauguza miguu. Wiki ya pili nilisema mvua. Nilikuwa na sababu kila wiki. Siku niliyopanda teksi ya Mbale miezi miwili ilikuwa imepita.

Nilimkuta Okiror mkekani, ameegemezwa ukutani kwa gunia lililojazwa nguo. Mwili ule mkubwa ulikuwa umekwisha, shavu moja limening'inia. Aliponiona, akaanza kujaribu kusimama. Nikamwambia apumzike. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Mguu wake mmoja ulikuwa unakwaruza sakafu, ukitafuta mahali pa kukanyaga, mpaka Asio akamshika mabega na kumkalisha. Nikatazama pembeni.

Asio alinipa kigoda. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alinieleza jinsi mumewe anavyolishwa na anavyogeuzwa. Kisha akasema jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mzee, huyu alitaka kwenda kule kwa mazoezi. Raba alikwisha nunua. Nikamuuliza mbona huendi, akasema afande amekataza. Ni kweli ulimkataza?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu, kama mtu anayetafuta mahali kitu kilipoangukia. Na mimi, mtu mzima, niliyesimamisha wanaume juani kwa kuchelewa dakika tano, nikashindwa kusimama.

"Sikumbuki, mama," nikasema. "Labda alinielewa vibaya."

Okiror alikuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa mazima. Ukatoka mlio kooni mwake, si neno, ni mlio tu, mara moja na mara ya pili. Asio akadhani anataka maji, akamletea kikombe. Hakunywa. Maji yalimtiririka kidevuni, na macho hakuyaondoa kwangu.

Niliaga mapema. Nilisema teksi zitaniacha.

Juma lililofuata nilikwenda kwenye jimu. Usiniulize kwa nini. Labda nilidhani nikiteseka kidogo nitalala vizuri. Nilivaa kaptula, nikaingia, nikasubiri kuchekwa. Mwanangu, hakuna aliyenitazama. Kila kijana alikuwa anajitazama mwenyewe kwenye kile kioo. Pembeni alikuwapo hata mwalimu mmoja mstaafu, mnene kuliko mimi, anapanda na kushuka kibao huku akiimba wimbo wa kanisani. Yule kijana mwenye jimu akaniambia karibu mzee, akanionyesha pa kuanzia. Basi. Ile aibu niliyoiogopa, ambayo kwa ajili yake nilimfungia rafiki yangu mlango, haikuwapo humo ndani. Niliiingiza mimi, na nilipotoka nikatoka nayo.

Niliendelea kwenda. Miguu ikapungua uvimbe, pumzi ikarudi, na daktari akaanza kunisifu. Kila aliponisifu nilitamani anyamaze.

Okiror alifariki mwanzoni mwa mvua za mwaka uliofuata. Nilipata habari akiwa amekwisha kuzikwa kwao Kumi. Siku arobaini zilipopita nilifunga safari ya Namatala, nikamkuta Asio kazini, nje ya mashine, anapepeta. Nikamwambia nikiwa nimesimama mbele yake: "Mama, siku ile nilikumbuka. Nilikumbuka kila neno. Mimi ndiye niliyemkataza."

Aliendelea na ungo wake kwa muda. Kisha akasema, "Nilijua. Kukataza, hiyo ningesamehe. Yeye alikuwa mtu mzima, angeweza kwenda. Lakini ulisema alikuelewa vibaya, na yeye yuko pale anasikia, hana mdomo wa kujibu. Hilo usiniletee mimi. Mwenyewe ameshaenda."

Akauinua ungo tena.

"Sogea, mzee," akasema. "Makapi yatakuingia machoni."

Nikasogea. Sikumwona tena.

Sasa nisikilize. Unaniuliza uende au usiende. Nenda. Siwezi kukuahidi kwamba utaishi miaka mingi. Daktari mmoja aliniambia pengine Okiror angefanya mazoezi na bado angeanguka. Alitaka kunipoza, na sikupoa. Lakini nenda, na kama huwezi kwenda, sema naogopa, ulitamke neno hilo lenyewe. Woga wako usiuite heshima, kisha ukamvisha mtu mwingine. Na kama yuko anayekuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe, ogopa kila neno unalomwambia, hata la mzaha, kwa maana atalifuata. Ukikosea, kiri siku hiyohiyo, mwenye haki yake akiwa bado na ulimi wa kukulaani au kukusamehe. Mimi nilichelewa, na wakati huu niliochelewa ndio ninaoishi.

Mwenyezi Mungu akupe viungo vya kukubeba na moyo usioona haya kukiri. Akupe rafiki wa kutembea naye, na akupe ujasiri wa kumwambia twende. Na akuepushe, mwanangu, na uzee kama huu wangu, wenye pumzi nyingi na usio na mtu wa kuniambia yameisha.