Siku Mama Alipombeba Baba Kutoka Bomani

Kila nikianza kusema "enzi zetu za Mdachi", mwanangu Anaeli hupiga miayo hadi machozi yanamtoka, na dada yake mdogo, Ndeshi, hukumbuka ghafla kwamba ana kiu. Wenzangu mliokua wakati ule mtanielewa. Watoto hawa wamezaliwa mjini, chini ya bati, sukari yao inatoka dukani, na kwa mawazo yao Arusha ilianza siku waliyozaliwa wao.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani tukapita mbele ya boma la Wajerumani. Anaeli akasimama. "Baba, nyumba hii aliijenga nani?"

Nikafurahi. Nikawaketisha kwenye nyasi.

"Babu yenu," nikasema.

"Peke yake?" akauliza Ndeshi.

Nikavuta pumzi, nikaendelea. Kwetu ni juu mlimani, kwenye migomba. Mvua ikinyesha tulikalia magome ya migomba tukateleza kwenye mteremko hadi tukatumbukia mferejini, maji ya baridi ya kukufanya usahau jina lako. Jioni tulikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, sote chungu kimoja. Aliyechelewa alilamba mwiko.

"Kwa nini hamkununua sahani?" Anaeli akauliza.

Nikawaambia jinsi askari walivyopanda kijijini kwetu wakawachukua wanaume kubeba mawe ya boma, baba yangu akiwa mmoja wao. Kila asubuhi mama alifunga ndizi za kuchoma kwenye jani, nikashuka naye. Hatukuruhusiwa kuingia. Mama alisimama nje akaita jina la baba, baba akaitika kutoka huko kwenye mawe, basi mama akaacha chakula tukarudi.

Siku moja aliita, kukawa kimya. Akaita tena. Askari akamwambia aondoke. Mama akaweka kikapu chini, akampita. Askari akainua kiboko, na hadi leo sijui ni nini kilichomzuia asikishushe. Mimi nilimfuata mama huku nimeng'ang'ania nguo yake.

Tulimkuta baba amelala pembeni. Jiwe lilikuwa limemponyoka likamponda mguu. Wenzake walimtazama kwa huruma, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuacha kazi. Mama akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Panda."

"Mama Nderingo," baba akamwita kwa jina langu, "watu wataniona."

"Watakuona uko hai."

Tukavuka mto Themi, tukaanza kupanda. Kila tulipokutana na watu baba alificha uso shingoni mwa mama, akanong'ona, "Nishushe kidogo, wapite."

"Nyamaza," mama akamwambia. "Ukisema unazidi uzito."

Karibu na nyumbani wazee walikuwa wamekaa kando ya njia. Niliona aibu, nikajua watacheka. Mmoja wao akainuka, kisha wote wakainuka, wakasimama kimya mpaka mama akapita.

Baba alichechemea maisha yake yote. Wanaume wakimtania kwamba ndiye pekee aliyempanda mke wake kama punda, aliwajibu, "Na wako angekuinua?"

Hadithi ikaishia hapo. Nikawageukia wanangu. Ndeshi alikuwa amelala, mdomo wazi. Anaeli alikuwa anavua kiatu.

"Baba, kinanibana. Utanibeba na mimi?"

Nikamwambia sisi tulipanda mlima ule pekupeku bila kulalamika. Akasema pekupeku kuna nafuu, kiatu hakibani. Nikaona nikijibu nitagombana na mtoto mbele ya watu. Nikamweka Ndeshi mgongoni, tukaondoka, Anaeli akinung'unika nyuma yangu.

Ningewapeleka wakaione njia yenyewe, labda miguu ingewafundisha kile masikio yanachokataa. Lakini siku hizi ukivuka Themi unakutana na waya, na nyuma ya waya ni kahawa ya mlowezi, mistari iliyonyooka hadi mbali. Pale wazee waliposimama pamelimwa. Mama amekwisha kufa, na baba naye. Njia ile imebaki kwenye maneno yangu tu, na niliowaachia ni hawa wawili, mmoja alikuwa anasikiliza kiatu chake, mwingine alikuwa amelala.